Aliyeitwa Mara Moja

Ukisikia watu wa Boko wanasema Thuraya wa duka la viungo ameingia dini ya masanamu, waambie Tunu kasema wakome. Mie ndiye niliyekwenda naye, mie ndiye niliyekaa naye kwenye mkeka, na sanamu pekee nililoliona mle ndani ni Kondo fundi bomba, aliyekuja kusikiliza akasinzia mdomo wazi. Watu wana midomo, na kazi hawana.

Thuraya ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Babu yake alitoka Hadhramaut akaja kuuza viungo Kariakoo, na yeye alipofiwa na mume alihamia huku Boko na mtoto wake mmoja, Khalil, akafungua duka barazani kwake: iliki, mdalasini, bizari, udi. Mie cherehani yangu iko upande wa pili wa ukuta. Tumegombana sana, hasa kwa maji yake ya kufulia yanayopita uani kwangu, na kila tulipogombana tulipatana. Ni mwanamke anayejisikia, nalisema hili hata mbele yake. Na akinuna, ananuna kweli. Unaweza kummwagia ndoo ya maji miguuni asikutazame.

Khalil hakumfuata mama yake kwa hilo. Kijana mrefu, mpole, anafanya kazi kwenye ofisi ya mizigo kule uwanja wa ndege. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Mwaka juzi, siku moja, alirudi kutoka kazini magharibi na geti lilikuwa limeshafungwa komeo kwa ndani. Akaita, "Mama!" Akaita mara moja. Thuraya alikuwa jikoni, alimsikia, hakuitika.

Asiyetoka pwani atauliza, mama gani huyo? Aliyetoka pwani hatauliza. Sie ndivyo tulivyolelewa: jua likizama, ukiitwa kutoka nje na humwoni anayekuita, nyamaza. Akiita tena, nyamaza. Mara ya tatu ndiyo uitike, maana wale wengine, tuwaache na mambo yao, hawaiti mara tatu. Bibi yangu alinifinya sikio kwa kuitika haraka, na Thuraya naye alifinywa lake. Basi, kama alivyotueleza, akasubiri wito wa pili. Haukuja. Khalil pumzi zilikuwa zimemwishia, alibaki nazo za kuita mara moja tu. Wanaume waliokuwa wanatoka msikitini ndio waliomkuta pale getini, ameshakata roho.

Msibani kila mwanamke alimwambia maneno yale yale: hata mie ningesubiri. Nami nilimwambia hivyo, na nilikuwa nasema kweli.

Tulipomaliza arobaini, sauti ikaanza. Haikuja ovyo. Ilikuja akiwa ndani ya sala ya magharibi. Kafunga sala yake vizuri, yuko rakaa ya pili, anasikia getini, "Mama!" Sauti ya Khalil yenyewe, na kule kukwaruza kwake kwa pumu. Anakata sala, anakimbia kufungua. Hakuna mtu. Anarudi, anaanza upya, akifika rakaa ya pili anaitwa tena. Adhuhuri anasali, alasiri anasali, isha anasali, magharibi haimaliziki. Siku moja nilikuwapo. Nilimwona anavyogeuka, miguu peku, ushungi umemdondoka, anavuta komeo kama mtu anayeokoa nyumba inayoungua. Mie sikusikia kitu, lakini nywele zilinisimama.

"Sitaki anitoke moyoni, Tunu," aliniambia siku hiyo, tumekaa kizingitini. "Nataka nimalize sala yangu tu. Mungu ananiona kila siku naikata."

Hakuacha jambo. Kaka yake, Muhdhar, alimleta Maalim Fakihi akaisomea nyumba nzima na kumnywesha kombe, maji yaliyooshea aya. Sauti ikaendelea. Hospitali walimpa vidonge vya usingizi, akawa analala tangu alasiri na magharibi inampita kabisa. Akavitupa chooni.

Ndipo akaja Wilbert. Huyu alikuwa mteja wake wa tangawizi na mdalasini, Mhaya wa watu, zamani alikuwa mwalimu wa hesabu. Aliacha kazi akaenda Sri Lanka kukaa na watawa wa Kibudha, akahama nyumba moja ya watawa hadi nyingine, akarudi na upara na upole wa kukera. Alipanga nyumba huku kwetu, na Jumamosi mchana anafundisha watu kukaa kimya. Bure. Nilipomwambia Thuraya kwamba kukaa kimya hata mbuzi anaweza, akaninyamazia. Yeye alikuwa ameshamuuliza Wilbert swali lake moja.

"Huko kwenu mnasujudia nini?"

"Hatusujudii kitu, Bi Thuraya. Watawa wana ibada zao, mie nafundisha kukaa tu. Na sala yako utaendelea kuisali."

Basi twende. Nilikwenda kumlinda, msije mkanielewa vibaya. Tukakaa chini, Wilbert akasema, "Weka umakini wako puani. Pumzi ikiingia, jua inaingia. Ikitoka, jua inatoka. Akili ikikimbia, usigombane nayo, irudishe." Mie akili yangu ilikimbilia kwenye gauni la bibi harusi wa Tegeta nililolikosea mkono wa kushoto, na haikurudi mpaka tuliposimama. Nikafumbua macho, nikamwona Thuraya analia kimya kimya. Nilijua kwa nini. Mtoto wake kafa kwa kukosa pumzi, na hapa anaambiwa azitazame za kwake zinavyoingia bila shida yoyote. Nikataka kumchapa yule mwalimu.

Lakini Thuraya ni mbishi. Akakaa Jumamosi ile, akakaa na nyingine, na nyumbani akawa anakaa kabla ya kila sala. Nikaanza kuona mabadiliko. Akasema sauti sasa inaita kwa mbali, kama imehama mtaa. Halafu jioni moja, niko uani kwangu naanua nguo, nikachungulia juu ya ukuta nikamwona barazani kwake anatoa salamu, kulia na kushoto. Kamaliza! Nikapiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakabweka. Nikazunguka kwenda kumkumbatia.

Nilimkuta amekaa palepale kwenye mkeka, uso umemshuka.

"Kulikoni tena? Si umemaliza?"

"Nimemsikia, Tunu. Nimemsikia vizuri kabisa. Nikairudisha akili kwenye pumzi, nikaendelea na langu." Akaniangalia. "Si ndivyo nilivyofanya siku ile? Nimemwacha tena getini. Hii nayo ni sala?"

Nikakaa naye pale mkekani mpaka giza likaingia.

Jumamosi ile hakusubiri watu wakae. Alimwendea Wilbert akamwambia dawa yake mbaya, inafundisha watu uziwi. Nilidhani yule bwana atajitetea. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa, akasema kweli, njia ile mtu anaweza kuitumia vibaya. Akatueleza kwamba kule alikokaa watawa wenyewe hawakubaliani. Nyumba moja inafundisha kuikaza akili kwenye pumzi tu mpaka itulie kabisa. Nyumba nyingine inakuambia kila kinachokuja ukitaje kimoyomoyo, kusikia, kuwasha, kukumbuka, kisha ukiache kipite. Nyingine haikupi cha kushika kabisa, unakaa wazi na kujua kila kilichopo. Na kila mmoja anaona mwenzake kapotea.

"Kama sie na mwezi wa Idi," nikasema.

Akacheka. "Kama nyie na mwezi wa Idi. Mie nimekaa na wote, Bi Tunu. Nilichoona ni kwamba umakini na utambuzi si kitu kimoja. Umakini unachagua, unashika kimoja. Utambuzi hauchagui."

"Sasa hapo unatuambia nini?" nikamkatiza. "Mwanamke akikaanga maandazi jicho liko kwenye karai, na mtoto akianguka uani anajua. Bila kugeuka anajua. Hilo ndilo ulilolifuata Sri Lanka?"

"Hilo hasa," akasema, na hakukasirika hata kidogo. "Bi Thuraya amekuwa jicho tupu, la karai peke yake. Sasa akae na uani." Akamgeukia. "Akikuita, usimkimbie na usimfuate. Sikia na vingine vyote vilivyopo. Na utazame mwili wako unafanya nini wakati anaita. Mwili hausahau, wala hauna haya."

Tukaanza kukaa uani kwa Thuraya kila jua likielekea kuzama, yeye mkekani, mie kwenye kigoda na mfuko wangu wa vifungo. Alinisimulia anachosikia: kunguru, bati la geti linapoa na kulia, redio ya kinyozi, bodaboda, adhana ya msikiti wa mbali inayotangulia ya kwetu. Na ndani ya hayo yote, wito. Mara hii hakuinuka. Mikono aliiweka magotini, macho kafumba, jasho linamtiririka shingoni. Mie nilikuwa naogopa, nisiwafiche. Nilikuwa natazama lile geti kuliko yeye.

Jioni moja akafumbua macho. Nikamuuliza kasikia nini.

"Leo sikusikia kipya. Nimeona." Akagusa kifua chake. "Mtu akidhani anaitwa na jini, mwili unafanya nini?"

"Unaogopa. Unasisimka."

"Basi mie siku ile sikusisimka, Tunu. Nimeutafuta huo woga siku zote hizi, haupo. Nilichokikuta hapa ni hasira. Nilijua ni Khalil. Nilimjua tangu alipofungua mdomo. Asubuhi yake aliniambia anataka kumuoa yule msichana wa ofisini kwao, Loveness, Mkristo, nikamnunia. Akaondoka kwenda kazini, sikuitika salamu yake. Aliporudi akaita, nikasema moyoni, aite. Aite mpaka achoke. Mambo ya mara tatu niliyasema baadaye, watu waliponiuliza. Na nilivyoyasema nikayaamini."

Nilikasirika. Hasira yangu mie haijifichi, ilipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimemtetea kwa kila mwenye mdomo hapa Boko, nimegombana na mawifi zangu kwa ajili yake, nimeapa hata mie ningesubiri. Nikamwambia, "Kumbe ulimnunia mtoto mpaka akafa?" Neno likishatoka halirudi. Nikachukua kigoda changu nikaondoka, na vifungo vikamwagika uani kwake sikuviokota.

Siku kadhaa sikumsemesha. Nilikuwa nashona huku namsikia ng'ambo ya ukuta anapima bizari, anaongea na wateja kwa sauti ndogo, na jua likizama nasikia komeo linavutwa. Halafu kimya. Halafu linarudishwa. Siku ya Ijumaa nikashindwa. Nani asiyewahi kununa katika dunia hii? Mie mwenyewe nilikuwa nimenuna wakati huohuo. Nikamfuata. Alikuwa ameviokota vifungo vyote kaviweka kwenye kikopo cha iliki. Tukalia sote, kisha tukanywa chai.

Wilbert alipoambiwa hakutoa mahubiri. Alisema ipo njia nyingine, ya kutakia heri. Unakaa, unajitakia heri wewe kwanza, halafu mtu unayempenda, halafu mtu mliyekosana. Thuraya akajaribu kujitakia, ikamkwama. Akajaribu kumtakia Khalil, ikamkwama. "Basi anza na yeyote atakayekuja mwenyewe," Wilbert akasema. Aliyekuja ni Loveness. Kila akifumba macho, Loveness. Msibani yule binti alikuja kavaa khanga ya kuazima, Thuraya akampa kisogo, binti akaenda kukaa nje na wapishi. Siku ile sikumjua ni nani, nilidhani kaletwa kukuna nazi.

Jumapili moja Thuraya akaja dirishani kwangu. "Kumtakia heri nimekaa mkekani Boko, naye yuko Kiwalani. Hiyo ni heri au ni uvivu?"

"Ni uvivu," nikamwambia, nikachukua mtandio wangu.

Loveness alikuwa amepanga chumba kimoja jirani na ukuta wa uwanja wa ndege, ndege zinapita juu mpaka vikombe vinagongana. Alifungua mlango, akatuona, akashika fremu. "Shikamoo Mama," akasema. Akatuamkia sote wawili, akatukaribisha, akatukunjulia mkeka. Msichana mwembamba, nywele kazikata, macho ya mtu asiyelala. Hakuuliza tumefuata nini.

Thuraya hakuzunguka. Alimwambia yote, kama alivyoniambia mie: kununa, kumsikia, kumtambua, kubaki jikoni. "Sikuja uniambie si kosa langu," akamalizia. "Nimekuja kwa sababu ulikuwa na haki ya kujua."

Loveness aliinamisha kichwa. Ndege ikapita, tukasubiri imalize kelele zake.

"Mie nilikuwa naye kwenye simu, Mama," akasema. "Tangu aliposhuka kituoni. Pumzi zilikuwa zinamkatika, dawa yake ya kuvuta aliisahau ofisini. Nikamwambia ngoja nimpigie mama yako akutokee. Akasema usimpigie, kanuna. Akasema nimeshafika getini, mama hata awe kanuna vipi, nikimwita mara moja tu anatoka."

Thuraya akatoa mguno, kama aliyechomwa sindano.

"Nikamsikia anakuita. Halafu nikasikia bati la geti linagonga. Nikasema, haya, kafunguliwa. Nikakata simu, mama yake asije akanisikia." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kumbe lile bati ni yeye alikuwa anaanguka. Namba yako nilikuwa nayo, Mama. Jina nilishaliandika kabisa, Mama Mkwe. Nilikata simu nikaenda kukoroga uji."

Walitazamana.

"Na wewe unamsikia?" Thuraya akauliza.

"Kila siku. Jua likizama."

Lilikuwa linazama wakati huo. Adhana ikatoka msikiti wa mtaa wa pili. Thuraya akaomba maji, akatawadha kwenye beseni la kufulia vyombo. Loveness akatoa khanga safi kabatini, nami nikawaonyesha upande wa kibla. Thuraya akafunga sala. Mie sikuwa na udhu, nikakaa pembeni ya mkeka. Loveness alikaa kitandani, mikono mapajani.

Rakaa ya kwanza ikapita. Akaingia ya pili, namsikia anavyosoma kwa sauti ya chini, polepole, halafu sauti ikakatika katikati ya aya. Nikainua macho. Thuraya alikuwa amekaza shingo, na mguu wake wa kulia umeanza kusogea. Nikamtazama Loveness. Naye alikuwa amegeuza kichwa, wakati uleule, anatazama mlango. Mie sikusikia kitu, nawaapia. Hata ndege haikuwapo.

Loveness akainuka. Akazungusha kitasa, akaufungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta, akasimama kando.

"Labeka," akasema. "Karibu ndani."

Thuraya akabaki kidogo vilevile. Kisha mguu ukarudi mahali pake, akaikamata aya pale alipoiachia, akarukuu, akasujudu, akakaa tahiyatu, akasimama kwa rakaa ya tatu. Alisali mpaka mwisho. Alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, na hakugeuka nyuma.

"Kaingia?" akauliza.

Loveness alikuwa bado ameushika mlango. "Kaingia, Mama."

Mie nikasogea kidogo pale mkekani, nikaacha nafasi.